Kununua Simu Bila Kutoboa Mfuko: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kwenda Dukani



Siku hizi simu ni chombo cha kazi kama vile jembe au baiskeli. Kwa simu tunapokea pesa za maziwa, tunauliza bei ya mahindi sokoni, tunatoa michango ya kikundi na kupata habari za watoto walio mbali. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa Kenya mwezi wa Machi 2007, mtu asiye na simu ni kama mtu asiye na mfuko. Kwa hivyo hatutawaambia msinunue simu. Nunueni. Lakini nunueni kwa hesabu.

Tunasema hivi kwa sababu ya jambo moja tunalolisikia katika vikundi vingi tunavyotembelea. Mwanakikundi anachukua simu mpya ya kulipa kidogo kidogo kila siku. Miezi miwili ya kwanza mambo ni sawa. Mwezi wa tatu mvua inachelewa, ama mtoto anafukuzwa shule kwa ajili ya karo, na malipo ya simu yanaanza kurudi nyuma. Simu inafungwa. Mama huyo anakuja kukopa kikundini ili simu ifunguliwe. Mwezi unaofuata hana mchango wa kikundi wala pesa ya kurudisha mkopo. Mwishowe anaona aibu, anaacha kuja mkutanoni. Hapo deni la simu ya mtu mmoja limekuwa shida ya kikundi kizima.

Basi neno letu katika makala haya ni moja: bei ya simu si ile iliyobandikwa kwenye kioo cha duka, wala si ile ya "kwa siku." Bei ya simu ni pesa zote zitakazotoka mfukoni mwako kuanzia siku unayoichukua mpaka siku itakapokufa. Tena, kikundi chenu kikijipanga vizuri, kinaweza kuwasaidia kuipunguza bei hiyo kuliko duka lolote.

KWANZA JIULIZE: SIMU HII NI YA KAZI GANI?

Watu wengi huanza na swali la "simu gani ni nzuri?" Swali la kwanza liwe "mimi nataka kufanya nini na simu?" Kuna watu wa aina tatu.

1. Yule anayetaka kupiga na kupokea simu, kutuma ujumbe na kutumia M-Pesa. Huyu anatoshwa na kabambe, ile simu ndogo ya kubonyeza yenye tochi. M-Pesa inafanya kazi vizuri kwenye kabambe, iwe kupitia menyu ya laini au kwa kubonyeza *334#. Hata SHA ilipoanza mwaka 2024, watu wengi walijisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu ya kawaida bila intaneti.

2. Yule anayehitaji WhatsApp, picha na intaneti kwa kazi yake. Kwa mfano mama anayeuza nguo kwa kutuma picha kwa wateja, kijana wa bodaboda anayepata abiria kwa programu ya simu, au mwandishi wa kikundi anayetuma ripoti. Huyu anahitaji simu janja, ile ya kugusa kioo. Lakini si lazima iwe ya bei kubwa.

3. Yule anayetaka simu kwa sababu jirani anayo. Huyu tunamwomba asubiri kidogo aendelee kusoma.

Kabla ya kununua simu janja, uliza pia kama mtandao wa 4G umefika kwenu, na ni wa kampuni gani. Muulize jirani mwenye simu ya aina hiyo, tena jaribuni pale nyumbani kwako, si kule sokoni. Hakuna faida kulipia simu ya mbio mahali ambapo hata kupiga simu ni lazima upande kilimani.

Katika familia nyingi simu janja moja na kabambe mbili zinatosha kuliko simu janja tatu za mkopo. Na katika kikundi cha watu 15, si lazima wote 15 wawe na simu janja ndipo kazi ya kikundi iende. Simu moja ya kikundi, iliyoandikwa kwenye orodha ya mali ya kikundi na kutunzwa na mwandishi, inaweza kufanya kazi ya picha, barua na kuuliza bei. Lakini kubalianeni mapema ni nani analipia bando, na itarudishwa vipi siku mwandishi akibadilishwa.

HESABU YA "KIDOGO KIDOGO"

Mpango wa kulipa kidogo kidogo haukuanza na simu. Kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza taa za sola kwa njia hiyo hapa Kenya mwaka 2012, na baadaye ikaingia kwenye simu. Mwezi wa Julai 2020 Safaricom pamoja na Google wakaanzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu aliweza kupata simu ya 4G kwa malipo ya kuanzia Sh 20 kwa siku. Tangu wakati huo maduka na makampuni mengi yamefuata njia hiyo.

Hatusemi kwamba mipango hii ni wizi. Imewapa simu watu ambao hawangeweza kutoa pesa zote mara moja. Na kama simu itakuletea kazi kesho asubuhi, inaweza kukufaa kuilipia polepole kuliko kungoja mwaka mzima. Lakini ni mkopo, na kila mkopo una bei yake. Simu nyingi za namna hii huwa na kifuli ndani yake. Ukichelewa kulipa, simu inajifunga mpaka utoe pesa. Ile chombo uliyonunua ikusaidie kutafuta pesa inakuwa haifanyi kazi siku ile ile ambayo huna pesa.

Hebu tufanye hesabu. Huu ni mfano wetu tu, si bei ya duka fulani.

Simu inauzwa Sh 10,000 pesa taslimu. Kwa mpango wa kidogo kidogo unatoa Sh 2,000 kwanza, halafu Sh 40 kila siku kwa mwaka mmoja.

Sh 40 mara siku 365 ni Sh 14,600.
Ongeza zile Sh 2,000 za kwanza.
Jumla ni Sh 16,600.

Yaani umelipa Sh 6,600 zaidi ya bei ya taslimu. Ni kama kununua simu moja na zaidi ya nusu ya simu nyingine, lakini ukapewa moja.

Muuzaji hatakuambia hesabu hii kama hujauliza, kwa sababu Sh 40 ni rahisi kutamka. Mazungumzo ya dukani huwa namna hii:

"Kijana, hii simu ni pesa ngapi?"

"Mama, unatoa elfu mbili tu, halafu ni arobaini kwa siku. Hata soda ni zaidi ya hiyo!"

Usijibu juu ya soda. Uliza hivi:

"Sawa, mwanangu. Nikitoa pesa zote leo ni ngapi? Na nikilipa kwa siku mpaka nimalize, jumla ni ngapi? Hebu niandikie hapa kwenye karatasi."

Akikataa kuandika, nenda duka lingine. Kuuliza hivyo si ukorofi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa na habari anazohitaji kuhusu bidhaa hiyo.

Uliza pia maswali haya manne kabla ya kutia sahihi:

- Nikichelewa siku moja, simu inafungwa? Na nikichelewa mwezi mmoja, je?
- Nikipata pesa nikataka kumaliza deni mapema, bei inapungua ama inabaki ile ile?
- Simu ikiibwa au ikivunjika, naendelea kulipa?
- Nikimaliza kulipa, kifuli kinaondolewa kabisa? Na nani anakiondoa?

KIKUNDI KIWE DUKA LENU LA MKOPO

Sasa tuje kwenye nguvu mliyo nayo tayari. Kikundi kinachokutana kila wiki au kila mwezi kinaweza kuwanunulia wanakikundi simu kwa njia tatu.

Njia ya kwanza: kuweka akiba kabla. Chukua yule yule mama wa mfano wetu. Ana Sh 2,000 mkononi, na anaweza kutoa Sh 40 kwa siku. Badala ya kuzipeleka dukani, anazileta kikundini, au anaziweka kwenye akaunti ya akiba. Anahitaji Sh 8,000 zaidi ili afikishe Sh 10,000. Gawanya Sh 8,000 kwa Sh 40: ni siku 200, haifiki hata miezi saba. Anakwenda dukani na pesa taslimu. Zile siku 165 zilizobaki za mwaka, Sh 40 za kila siku ni zake. Jumla yake ni Sh 6,600. Ndizo zile zile ambazo duka lingechukua. Haba na haba hujaza kibaba, lakini angalia kibaba hicho ni cha nani.

Njia ya pili: mzunguko wa simu. Wanakikundi kumi wanatoa Sh 1,000 kila mmoja kwa mwezi, na kila mwezi mmoja ananunuliwa simu ya Sh 10,000. Katika miezi kumi wote wana simu, na hakuna aliyelipa riba hata shilingi. Pigeni kura ya kupangana. Kubalianeni kwamba pesa zinaenda moja kwa moja dukani, si mkononi, ili zisiliwe njiani. Kubalianeni pia mtafanya nini bei ikipanda kabla wa mwisho hajafikiwa. Wengine huweka akiba ndogo ya dharura kwa ajili hiyo. Na yule anayepata simu mwezi wa kwanza awe na mdhamini, kwa maana mtu akishapata hupoteza haraka.

Njia ya tatu: mkopo wa kikundi. Hapa tunataka muwe macho sana, kwa sababu riba ya vikundi vingine ni kali kuliko ya duka. Tuseme mama ana Sh 2,000, anakopa Sh 8,000 kikundini, na anarudisha Sh 1,000 ya mkopo kila mwezi kwa miezi minane. Angalieni tofauti:

Riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki: mwezi wa kwanza riba ni Sh 80, wa pili Sh 70, inashuka hivyo mpaka Sh 10. Riba yote ni Sh 360. Simu imegharimu Sh 10,360.

Riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya deni lililobaki: riba yote ni Sh 3,600. Simu imegharimu Sh 13,600.

Riba ya asilimia 10 kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo, hata kama ameshalipa nusu: ni Sh 800 kila mwezi kwa miezi minane, yaani Sh 6,400. Simu imegharimu Sh 16,400.

Mmeona? Hesabu hiyo ya mwisho inakaribia kabisa ile ya duka. Ni kweli riba ya kikundi hurudi kwa wanakikundi wakati wa kugawana faida mwisho wa mwaka. Lakini kwanza imetoka katika mfuko wa mmoja wenu, na mara nyingi ni yule mwenye shida zaidi.

Kwa hivyo tunapendekeza kikundi kiwe na mkopo wa vifaa, tofauti na mkopo wa biashara. Uwe na riba ndogo juu ya deni lililobaki, uwe na muda unaojulikana, na uwe ni wa simu, taa ya sola au jiko tu. Kwa riba ya asilimia 1, malipo makubwa kabisa ya mwezi katika mfano wetu ni Sh 1,080. Hiyo ni Sh 36 kwa siku, chini ya zile Sh 40 za duka, na baada ya miezi minane umemaliza. Na mtu akipatwa na msiba, kikundi kinaweza kukaa chini kikamwongezea muda. Kifuli cha simu hakina masikio ya kusikia habari za msiba.

Neno la mwisho hapa. Usinunue simu kwa Fuliza wala kwa mikopo ya haraka ya kwenye simu. Mikopo hiyo ni ya siku chache, na gharama yake inakimbia haraka. Dawa ya deni ni kulipa, si kuchukua deni lingine.

SIMU MPYA, SIMU YA MITUMBA, SIMU BANDIA

Watu huuliza kwa nini simu ni ghali siku hizi. Sababu moja ni kodi. Mwaka 2009 serikali iliondoa VAT kwenye simu za mkononi. Mwaka 2013 Sheria ya VAT ikairudisha kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ukaongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoingizwa kutoka nje. Mnunuzi hawezi kuziondoa kodi hizo. Lakini jambo moja linafaa kujulikana: simu "mpya" inayouzwa nusu ya bei ya maduka mengine ina sababu. Ama imeibwa, ama ni bandia, ama ndani ya boksi hamna simu.

Mwezi wa Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilifunguliwa Athi River. Siku hiyo simu zake mbili za 4G zilitangazwa kwa bei ya Sh 7,499 na Sh 8,999. Bei hubadilika, lakini hicho ni kipimo kizuri cha kuonyesha kwamba si lazima utoe Sh 20,000 ili upate simu ya kutumia WhatsApp.

Simu bandia zimewahi kuwatia watu hasara kubwa hapa nchini. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano iliamuru simu bandia zizimwe, na zaidi ya simu milioni moja zikakatwa kwenye mitandao. Wenye simu hizo walikuwa wamefurahia bei ya chini. Rahisi ni ghali.

Namna ya kuikagua simu ni hii. Bonyeza *#06#. Simu itaonyesha nambari ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huonyesha nambari mbili. Linganisha na ile iliyoandikwa kwenye boksi, kisha na ile ya kwenye risiti. Zikitofautiana, rudisha simu mezani uende zako.

Simu za mitumba zilizotumika ng'ambo zinaweza kuokoa pesa nyingi, lakini zina hatari zake. Betri inaweza kuwa imechoka. Nyingine zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa kwanza, na ukizifuta zinadai neno la siri ambalo hulijui. Nyingine ni za zamani mno. Kwa mfano, tangu Januari 2025 WhatsApp haifanyi kazi kwenye simu za Android 4.4 na zilizo chini yake. Fungua mipangilio ya simu uangalie ni Android ya ngapi kabla ya kutoa pesa.

Simu ya kuuziwa njiani au kwenye stendi ya matatu, usiiguse. Wengi wameonyeshwa simu nzuri, wakafika nyumbani na kipande cha sabuni ndani ya boksi. Na kama simu ni ya wizi, hasara si ya pesa peke yake. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 322, inasema anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kujua, anaweza kufungwa hadi miaka 14.

SIKU YA KUNUNUA

1. Ulizeni bei katika maduka matatu au zaidi, na muandike. Bei ya mjini mdogo na ya mjini mkubwa hutofautiana, lakini hesabuni nauli pia. Kuokoa Sh 300 kwa nauli ya Sh 600 si kuokoa.

2. Kama mko wengi, nendeni kwa pamoja. Wanakikundi wanane wanaonunua simu nane kwa pesa taslimu ni wateja wa maana. Tumeni wawili kwanza wakaongee na mwenye duka. Akikataa kushusha bei, mwombe aongeze kifuniko na kioo cha kukinga kwa kila simu.

3. Usinunue simu siku ile ile uliyoiona mara ya kwanza. Lala na shauri hilo usiku mmoja.

4. Simu ifunguliwe mbele yako. Tia laini yako. Piga simu, pokea simu, sikiliza kama sauti iko sawa. Jaribu kamera na tochi. Iunganishe na chaja yake uone kama inaingiza moto.

5. Kwa simu janja, tazama memori ya kuhifadhi. Simu ya GB 8 au 16 hujaa upesi, halafu inaanza kukwama. Tafuta ya GB 32 au zaidi. Usilipie kamera tatu kama kazi yako ni kupiga picha ya risiti.

6. Lipa kwa nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka, si kwa nambari ya mtu binafsi. Hakikisha jina linalotokea ni la duka hilo. Ule ujumbe wa malipo ni ushahidi, usiufute.

7. Dai risiti yenye jina la duka, tarehe, bei, aina ya simu na IMEI. Dai kadi ya waranti iliyopigwa muhuri, na uulize ni ya miezi mingapi. Simu ikiharibika ndani ya muda huo, usimpelekee fundi wa kijijini kwanza, maana duka likiona imefunguliwa litakataa kuitengeneza.

8. Mkirudi, mwandishi aandike IMEI za simu zote kwenye daftari la kikundi. Simu ikiibwa, polisi watauliza nambari hiyo, na mwenye simu mara nyingi hana.

BAADA YA KUNUNUA

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila kuonekana. Tuchukue jambo moja tu: kuchaji. Kama kwenu hakuna stima na unachaji kwenye kibanda kwa Sh 20 kila mara, simu janja inayochajiwa kila siku inakula Sh 7,300 kwa mwaka. Kabambe inayochajiwa mara mbili kwa wiki inakula Sh 2,080. Tofauti ni Sh 5,220 kila mwaka. Kumbe mtu anaweza kubembeleza bei dukani akapunguziwa Sh 500, halafu akatoa mara kumi ya hizo kwenye kibanda cha kuchajia! Kama hamna stima, pengine kitu cha kwanza cha kununua kwa ule mkopo wa vifaa ni sola ndogo yenye tundu la kuchajia, ndipo simu ifuate.

Bando nalo ni vivyo hivyo. Zima data wakati huitumii. Zuia WhatsApp isipakue video zenyewe. Ukinunua bando la Sh 20 kila siku, ni Sh 600 kwa mwezi. Linganisha na bando la wiki au la mwezi kabla ya kuzoea la siku.

Na simu itunzwe. Kifuniko na kioo cha kukinga ni bei ndogo kuliko kioo kipya. Usiitie kwenye mfuko mmoja na funguo. Usiiache juani shambani. Ikiingia maji, izime mara moja na usiichaji mpaka fundi aione. Simu inayodumu miaka minne ni nusu ya bei ya ile inayodumu miaka miwili, hata kama zote zilinunuliwa Sh 10,000.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WENU

1. Ni wanakikundi wangapi wanalipa simu kidogo kidogo sasa hivi? Wale wanaokubali waeleze: jumla watakayolipa ni ngapi, na bei ya taslimu ilikuwa ngapi?

2. Je, kuna mtu aliyeacha kuja mkutanoni kwa sababu ya deni la simu? Nani atamtembelea?

3. Riba ya mikopo yetu inahesabiwa juu ya deni lililobaki ama juu ya mkopo wote wa mwanzo? Mweka hazina afanye hesabu ubaoni kwa mkopo wa Sh 8,000 wa miezi minane, wote waione.

4. Kati ya njia tatu tulizoeleza, yaani akiba, mzunguko na mkopo wa vifaa, ni ipi inayotufaa sisi? Tutaanza mwezi gani?

5. Hapa kwetu mtu hutumia pesa ngapi kwa mwezi kuchaji simu? Tukizijumlisha za kikundi kizima kwa mwaka, zingenunua sola ngapi?

Baada ya kujadili, mwandishi aandike uamuzi wenu kwenye kumbukumbu za mkutano, pamoja na jina la atakayeufuatilia.